Heko kwa Wachongaji wa Jiwe Kaidi

Naivasha wana jiwe jeusi kama kioo, linalomtii mchongaji. Huku Nyakato, Kanda ya Ziwa ya Tanzania, tumezungukwa na matale na kwazi, jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo wa Geita huufuata mkanda wake wakisaka dhahabu. Kwazi lina nyufa za ndani. Ukiligonga, mara nyingi linapasuka litakavyo lenyewe. Wawindaji wa kale wa Kanda ya Ziwa hawakulisusa. Walilisimamisha juu ya jiwe kubwa, wakalitwanga kwa juu hadi likatoa vipande vyembamba vyenye makali, wakavinyoa ubavu mmoja. Vingine havizidi ukucha! Hata nje ya kanda hiyo, pangoni Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, vipande kama hivyo vimefukuliwa kwa wingi, pamoja na mabaki ya majaribio yaliyoharibika. Hayo mabaki ndiyo ninayoyaheshimu zaidi.