Mbio Nyingi, Hadithi Kidogo

Wengi wetu twapenda sinema za mpelelezi James Bond, wala si vibaya: mtu aliyechoka na kazi apate kushangaa kidogo. Lakini leo twataka kusema juu ya Quantum of Solace, filamu ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Marc Forster, kwani ilishika jambo kubwa mkononi, ikaliacha lianguke.

Yaanza na motokari zinazofukuzana karibu na Ziwa Garda, Italia. Picha zakatwa upesi hivi hata hatujui nani yuko mbele, nani nyuma, nani amepigwa. Kisha mbio nyingine mjini Siena, tena mashua, tena ndege. Mahali pamoja tu ufundi huo watupendeza kweli: kule Bregenz, Austria, wabaya wakaa kati ya watu wanaosikiliza opera Tosca, wakisemezana kwa siri, na risasi zianzapo, mlio wake hausikiki, twasikia muziki tu. Pazuri sana.

Sababu moja ya fujo yajulikana. Waandishi wa sinema wa Marekani waligoma tangu Novemba 2007 hata Februari 2008, na Daniel Craig, mwenye kumwigiza Bond, alieleza baadaye kwamba yeye na Forster walijiandikia wenyewe sehemu nyingine. Twawahurumia, ila mikasi haishoni.

Tazameni Mathis, rafiki wa Bond. Afa mikononi mwake, naye Bond aitupa maiti katika sanduku la takataka, atwaa fedha za marehemu, aenda zake. Huenda walitaka kuonyesha moyo uliokauka kwa kufiwa na mpenzi wake Vesper katika Casino Royale ya mwaka 2006. Moyo kama huo wataka kutazamwa polepole. Sisi twaonyeshwa mlipuko mwingine.

Na jambo lile kubwa? Ni maji. Tajiri Greene ayazuia maji ya Bolivia chini ya ardhi kwa siri, ili yauzwe kwa bei maradufu. Si ndoto tupu: mjini Cochabamba, Bolivia, maji yalitiwa mkononi mwa kampuni, bei ikapanda, na mwaka 2000 watu wakajaa barabarani mpaka mkataba ukavunjwa. Hadithi ilikuwa hapo. Katika filamu twaona wanakijiji wameizunguka robine na vyombo vyao, maji yakidondoka tone kwa tone mpaka yakatike. Kisha mbio zaanza tena. Hatuambiwi jina la hata mmoja wao, wala hatuonyeshwi kama maji yalirudi.