Mtumiaji ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Mtandao

Katika kazi ya kuunda istilahi yapo maneno ambayo hupita bila kupingwa na mtu, si kwa kuwa yamepimwa yakaonekana yanafaa, bali kwa kuwa yamekaa mahali pake muda mrefu mno. Neno mtumiaji ni mojawapo. Tunaliona katika mikataba ya simu, katika miongozo ya kompyuta, katika vitabu vya kiada na katika barua za Serikali, na kila mahali linamtaja mtu yuleyule asiye na sura, aliye upande wa pili wa mtambo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mtu huyo amebadilika na istilahi yetu haikubadilika pamoja naye. Kuchelewa huko si jambo la ufasaha tu. Tangu mwaka 2021 imeamriwa kuwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na neno likiisha kuingia katika sheria huamua nani atalipa ada na nani atashtakiwa.

Mifano yetu mingi tumeichukua katika mazungumzo ya kawaida ya Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Si kwamba lugha ya huko ni ya pekee, la hasha. Ni kwa kuwa sehemu hizo ziko jirani na Dar es Salaam kiasi cha kupokea kila neno jipya mapema, na papo hapo zina vijiji ambako tangazo la mtendaji hubandikwa kwenye mlango wa ofisi. Neno jipya na la zamani hukutana huko kila siku, na mchunguzi wa istilahi hupata nafasi ya kuona lipi linashinda.

Kibaha yenyewe inatupatia mfano wa kuanzia. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nodiki, likakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, nalo lina maktaba. Msomaji wa maktaba huingia, huchagua kitabu, husoma, hurudisha. Haandiki neno ndani ya kitabu, na akithubutu kuandika huhesabiwa kuwa mharibifu. Kwa watu wengi, intaneti ya miaka ya 1990 ilikuwa maktaba ya namna hiyo. Ukurasa uliandaliwa na mwenye ujuzi na mwenye mahali pa kuuweka, na wengine wote waliutembelea tu. Ndiyo maana istilahi za kwanza ni za safari na za kusoma: tovuti, ukurasa, kutembelea, na hasa kivinjari, lililotokana na kitenzi vinjari, yaani kuzungukazunguka huku na huko. Zilikuwa istilahi nzuri kwa jambo lililokuwapo.

Hata hivyo tusizidishe tofauti ya zamani na sasa. Barua pepe ilikuwa ya kupokea na kujibu tangu mwanzo wake, na Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, aliunda mwaka 1990 programu iliyoweza kusoma ukurasa na kuuandika vilevile. Programu zilizoenea baadaye zilibaki na kusoma peke yake. Uwezo wa kuandika ulipotea njiani, ukarudi kwa mlango mwingine, pale ukurasa ulipoacha kuwa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa na kuwa ghala ambalo kila ajaye huweka chake. Kilichohitajika kikawa ni sanduku tupu la kuandikia na kitufe cha kubofya. Wikipedia ilianza mwaka 2001, Facebook mwaka 2004, YouTube mwaka 2005, Twitter mwaka 2006. Mwaka 2004 pia mchapishaji Tim O'Reilly wa Marekani aliyapa mabadiliko hayo umaarufu kwa kuyaita toleo la pili la wavuti, jina ambalo lilifaa zaidi kwa biashara kuliko kwa maelezo.

Kwetu mambo hayakuchelewa kama inavyodhaniwa. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, Muhidin Issa Michuzi akafuata mwaka 2005, na JamiiForums ikaanzishwa mwaka 2006. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 njia ilipanuka, na simu za mkononi zikamaliza kazi iliyobaki.

Sasa turudi kwenye neno letu. Shina lake ni tum-, na kitenzi cha asili ni tuma. Kwa kiambishi cha kutendea tunapata tumia, na kutoka hapo mtumiaji. Shina hilohilo limetupatia mtume, mtumwa na mtumishi, jambo ambalo mwalimu wa sarufi huweza kulifurahia kwa kipindi kizima. Lakini angalia yaliyotokea katika mtandao: mtumiaji amekuwa mtumaji. Anayefungua ukurasa ndiye anayeujaza. Neno letu limebaki upande mmoja tu wa tendo, upande wa kupokea, na Serikali yenyewe imelithibitisha huko, maana chombo kilichoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003 kutetea wanunuzi wa huduma za simu na posta kinaitwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Hapo mtumiaji ni mnunuzi, yule ambaye magazeti ya miaka ya 1970 yalimwita mlaji. Ni sahihi kabisa. Lakini fungua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuandikwa yote na watu wa kujitolea, utaona kwamba kila mwandishi wake ana ukurasa unaoanza kwa neno Mtumiaji. Mtu ameandika makala mia, amesahihisha za wenzake usiku kucha, na bado anaitwa kwa jina la mnunuzi wa vocha.

Neno la pili tunalolishuku ni chapisho. Limetumika sana kwa kila kinachowekwa mtandaoni, na wafasiri wengi hulichukua bila kufikiri. Kisarawe tumesikia jingine, bandiko, na kitenzi chake bandika: mtu amebandika picha, amebandika tangazo la kikao cha wazazi, amebandika bei ya korosho. Twaona hili ni bora mara nyingi. Kuchapisha kunahitaji mtambo, mhariri na mwenye mali, na ndiyo maana sheria siku zote imemtazama mchapishaji kama mtu mzito. Kubandika kunahitaji gundi. Mtendaji hubandika, na mwenye mbuzi aliyepotea hubandika pia, mlango uleule. Tena Kiswahili kinatupa zawadi ambayo chapisho haliwezi kuitoa: bandika hupinduliwa likawa bandua. Kilichobandikwa hubanduliwa, na mwenyewe au na msimamizi, na alama ya gundi hubaki mlangoni. Ni nani aliyewahi kuona kitu kilichochapishwa kikachapuliwa?

Uzito wa jambo hili unaonekana tunapofika kwenye shiriki na sambaza. Facebook ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009 kwa juhudi za wanazuoni wa lugha yetu, kazi ya kusifiwa. Lakini kitufe cha kumpelekea mwenzio ulichokiona, ambacho katika programu zilizotafsiriwa huandikwa mara nyingi Shiriki, hakituridhishi. Mtu hushiriki mkutano, hushiriki mazishi. Hashiriki picha. Aliyetaka kusema jambo hilo angesema shirikisha, maana kuna anayeshirikishwa. Mitaani wanasema kusambaza, neno lenye nguvu na lenye hatari. Mbegu husambazwa, umeme husambazwa, uvumi husambazwa. Mama wa Maneromango anayempelekea dada yake aliye Mlandizi habari aliyoipokea amemshirikisha ndugu mmoja. Je, amesambaza? Amechapisha? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa Kiingereza, ina kifungu cha 16 kinachohusu taarifa za uongo, na mfasiri anayeshika kalamu juu ya kifungu cha namna hiyo hana budi kuchagua mojawapo ya vitenzi hivyo. Akichagua sambaza popote palipo na tendo la kumpelekea mtu ujumbe, atakuwa ameongeza kosa ambalo Bunge halikulikusudia. Akichagua chapisha kila mahali, wakili mjanja atasema mteja wake hana mtambo. Ushauri wetu ni kuyatenganisha: shirikisha kwa anayempelekea mtu au kundi linalojulikana, sambaza kwa anayeelekeza ujumbe kwa umma usio na mipaka.

Tatizo kama hilo lilijitokeza katika Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Ziliwataka wenye blogu na majukwaa kupata leseni, na gharama zilikuwa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya awali na shilingi 1,000,000 kila mwaka. Mwezi Juni mwaka huo JamiiForums ilisimamisha huduma zake kwa muda. Kanuni hizo zilifutwa kwa zile za mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022, kwa hiyo hatuzijadili kama sheria iliyopo. Tunajadili mgawanyo wake wa maneno, maana umebaki vinywani mwa watu: upande mmoja mtoa maudhui, upande wa pili mtumiaji. Mgawanyo huo ni wa enzi ya maktaba. Kijana wa Maili Moja anayejibu hoja ya mwenzake jukwaani yuko upande gani? Kwa dakika moja anasoma, kwa dakika ya pili anatoa. Mstari ulichorwa mahali ambapo watu hupita na kurudi siku nzima.

Na hilo neno maudhui lina kesi yake mbele ya walimu. Kwa miaka mingi tumefundisha fani na maudhui, na mwanafunzi wa sekondari anajua kuwa maudhui ni dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi, yaani yale yanayosemwa, mbali na namna yanavyosemwa. Leo mwanafunzi huyohuyo husikia kwamba video ya mtu anayecheza bila kusema lolote ni maudhui, na aliyeitengeneza ni mzalishaji wa maudhui. Hatuoni njia ya kulirudisha nyuma neno hilo, limekwisha kuenea. Lakini mtungaji wa mtihani ana wajibu wa kusema anakusudia maudhui yapi.

Wakati wataalamu tukibishana, waandikaji wenyewe walijiundia msamiati, na sehemu yake inashinda kazi ya kamati. Kwenye JamiiForums mfululizo wa hoja na majibu umeitwa uzi, na wanaoushiriki wamejiita wanajamvi. Jamvi! Yule aliyelipata neno hilo alielewa mtandao mpya kuliko vitabu vyote tulivyosoma. Jamvi hutandikwa, watu huketi wakitazamana, na hakuna aliyeketi juu yake anayeitwa mtumiaji wa jamvi. Kundi sogozi, kutoka kitenzi sogoa, ni jaribio jingine zuri. Tunaliona katika magazeti, ingawa Kibaha mzazi atakuambia tu “tuko kwenye grupu la shule”. Mitandao ya kijamii limekubalika, hatuna ugomvi nalo. Kuposti, kukomenti na kulaiki yatabaki kwenye mazungumzo, na hayadhuru, mradi afisa asiyaandike katika waraka.

Pendekezo letu kwa Baraza ni kwamba mtumiaji libaki kwa mnunuzi wa huduma na kwa mwenye kuendesha kifaa, kama vile mwalimu aliyepewa kishikwambi baada ya Sensa ya mwaka 2022. Anayeandika, kujibu, kusahihisha au kubandika aitwe mchangiaji, neno ambalo umma umekwisha kulizoea katika kuchangia mada. Litakuwa na kasoro moja, kwamba watu watadhani wanaombwa fedha za harusi, lakini muktadha utalisaidia.

Limebaki wafuasi, ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia kwa wale wanaopokea maandiko ya mtu fulani kila anapoyaweka. Mfuasi ni wa nabii, au wa chama. Tunapendelea mfuatiliaji: ni refu zaidi, lakini mtu aweza kumfuatilia mbunge kila siku ili apate namna ya kumpinga.