Jiko, Johari na Lango: Kuisoma Utengano kutoka Milimani

Ni rahisi kuisoma riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), kama kisa cha binti aliyeacha stara akaangamia. Usomaji huo humpendeza Maksuudi kuliko unavyomtendea haki Maimuna. Maksuudi humfungia binti yake ndani asionwe. Bi Kirembwe humtoa nje aonwe na alipiwe. Msomaji hudhani kwamba binti amehama kutoka wema hadi uovu. Kwa hakika hajahama. Katika nyumba zote mbili thamani yake ni mwili wake, na katika zote mbili mizani imeshikwa na mtu mwingine. Aliyelelewa kama johari ya sandukuni hakufunzwa namna ya kukataa kutiwa bei.

Wake wa Maksuudi wanalithibitisha jambo hili. Mwanasururu aliolewa, akanyang'anywa mali yake, akaachwa. Bi Tamima aliishi kama jamii ilivyomtaka, mtiifu, kimya, asiyetoka. Naye akapigwa na kutalikiwa katika saa ya uchungu wa uzazi, kwa kuwa alihudumiwa na mtu asiyetakiwa na mume. Hapa ndipo riwaya inapouma. Utiifu ungalikuwa ngao, Tamima angalikingika.

Msomaji wa Nakuru aweza kujitoa, akasema kwamba haya ni mambo ya pwani na ya utawa. Na atazame basi Milimani, mtaa ulio chini ya Menengai, uliokuwa wa Wazungu wakati wa ukoloni na kurithiwa na wakubwa wapya baada ya 1963. Pana ua, pana lango, pana mlinzi. Na ndani yake aghalabu mke hutarajiwa apendeze wageni wafikapo na anyamaze wanapozungumza. Buibui hakuna, lakini amri ya Maksuudi ipo. (Ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa mume na mke haki sawa, ndoa iwapo na ivunjikapo, malango hayajaisoma.)

Lugha yenyewe ni shahidi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na atakayegeuza kitenzi huchekwa. Mwaka 2022 wapiga kura wa Nakuru walimchagua Susan Kihika kuwa gavana na Tabitha Karanja kuwa seneta. Hata hivyo bwana harusi bado husifiwa kwamba "amepata jiko", wala hapana anayeuliza jiko limepata nini.

Udhaifu wa riwaya unaonekana kwa Kazija. Anamfedhehesha Maksuudi kwa kumkutanisha na mwanawe Mussa, wote wawili wakiwa wamemfuata yeye, na msomaji hushangilia. Lakini silaha aliyopewa Kazija ni uzuri wake tu, yaani kile kile ambacho Maksuudi hukithamini kwa mwanamke; akili yake ni kubwa kuliko kazi ambayo mwandishi ameitengea. Farashuu, kikongwe asiyetamaniwa na yeyote, angeweza kuwa jibu. Yeye ana dai la haki, kwani Mwanasururu ni bintiye. Ila kisasi chake kinapita juu ya Tamima na Maimuna kabla ya kumfikia Maksuudi, kana kwamba naye amekwisha kukubali kuwa hao ni mali ya mwanamume, na kwamba njia ya kumuumiza mtu ni kumharibia mali yake.