Anwani kama Ahadi: Kuhusu Kuipa Jina Filamu ya Wanafunzi Iliyorekodiwa Mwembe Tayari

Makala haya mafupi yanajadili suala ambalo uhakiki wa Kiswahili aghalabu hulipitia juu juu: uhusiano baina ya anwani ya kazi ya sanaa na maudhui yake. Chanzo chake ni filamu fupi ya wanafunzi wetu iliyorekodiwa Mwembe Tayari, Mombasa. Wasichana wawili waliolelewa ua mmoja wako pamoja asubuhi ya mwisho. Mmoja anauza mahamri na mbaazi. Mwenziwe anasubiri basi la Nairobi, na kutoka huko ndege ya Ghuba, aendako kufanya kazi za nyumbani. Filamu ilikamilika bila jina. Yalipendekezwa manne.

La kwanza lilikuwa Urafiki wa Kweli. Hili tunalikataa bila kusita, kwa kuwa linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Mtazamaji amekwisha kuambiwa kwamba urafiki ni wa kweli. Atafute nini tena? Tulinganishe na Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971). Tamthilia hiyo inahusu kwa kiasi kikubwa urafiki wa Juma na Kitaru, wanafunzi wanaotenganishwa na matabaka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Hata hivyo, anwani haiutaji urafiki, inataja kinachoutafuna.

La pili lilikuwa Rafiki. Neno hili, kwa asili yake ya Kiarabu, hubeba maana ya mwandani wa safari, na kwa hiyo linaafiki filamu inayoishia penye basi. Lakini anwani hii ina mwenyewe. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Katika filamu hiyo mapenzi ya Kena na Ziki yamesitiriwa na neno la kawaida mno, na sitara hiyo ndiyo nguvu ya anwani. Filamu ya wanafunzi haina siri ya aina hiyo. Ikiliazima neno, itakuwa imeazima na deni lisilo lake.

La tatu, Mwembe Tayari, lina mvuto wa kitendawili: tayari kwa lipi? Ila linataja mandhari tu, na filamu yoyote ya mtaa huo ingeweza kulibeba.

La nne, Shoga, ndilo lililoligawa darasa. Wasichana hawa wanaitana hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa wanawake wa Mombasa, shoga ni mwanamke mwenzio wa kuazimana leso na kutunziana siri. Kwa wazungumzaji wengi wengine leo, ni mwanamume anayependa wanaume, na mara nyingi neno hutupwa kama tusi. Wanafunzi wa bara walicheka. Mmoja wa Mombasa hakucheka. Aliuliza mamake amwite nani sasa yule aliyemwita shoga tangu usichana wao.

Swali hilo halijibiwi na kamusi. Msimamo wetu ni kwamba filamu iitwe Shoga Yangu. Kimilikishi kinabadili kazi ya neno: badala ya kumpachika mtu sifa, linamwita, na kumwitikisha. Urafiki wa wasichana hawa hautajwi popote katika filamu. Unaitwa tu, asubuhi nzima. Wala hatulitetei neno kwa kuwadharau wanaotukanwa kwalo. Anayeligeuza tusi ndiye aliyelipokonya pande zote mbili.

Wenzetu idarani wanahofu kwamba bango litachekwa. Tunakubali, litachekwa. Lakini aliyecheka nje atalisikia neno lile lile mwishoni likipigiwa ukelele dirishani mwa basi linaloondoka, wala hatacheka. Hiki ndicho kigezo tunachopendekeza: anwani nzuri ya filamu ya urafiki ni ile ambayo haisikiki vile vile kabla na baada ya kazi. Katika manne yaliyopendekezwa, ni neno hili pekee linalokitimiza.

Uamuzi, hata hivyo, ni wa wanafunzi. Nakala iliyoko idarani bado haina anwani.