Kioo cha rubani anayevuta glaida

Luhwindja hatuna glaida. Huku kwenye milima ya Mwenga, Kivu Kusini, kinachovutwa kwa kamba ni lori lililozimika njiani, na dereva wa mbele hutegemea vioo vyake viwili na kelele za kijana aliyening'inia nyuma. Akikosa kuona, hasara ni kamba kukatika au bampa kupinda. Angani ni balaa nyingine, kwa kuwa anayevutwa anaweza kupanda juu ya anayemvuta.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Hufungwa kwenye mkia wa ndege ndogo kwa kamba ya mita 50 hivi, kisha zote mbili hupanda kwa mwendo wa kilomita 110 hadi 130 kwa saa. Piper Pawnee, iliyobuniwa miaka ya 1950 kwa kunyunyizia dawa mashambani, imekuwa mvutaji maarufu: rubani wake hukaa juu, na nyuma yake kuna uwazi wa kutosha. Hata hivyo hawezi kugeuza shingo huku akilenga njia ya kurukia. Ndiyo maana hufungiwa kioo, nje au ndani juu ya dirisha la mbele.

Kwa kawaida kioo hicho ni cha mbinuko. Kinaonyesha eneo pana, lakini kinapunguza ukubwa. Glaida yenye mabawa ya mita 15, ikiwa mita 55 nyuma, inaonekana kwa macho matupu kama nyuzi 15 au 16. Kwenye kioo chenye nusu kipenyo cha mkunjo cha mita 1.2, kilicho sentimita 80 kutoka usoni, inabaki nyuzi 7 tu. Mtetemo wa injini nao huifanya picha iwe na ukungu. Rubani anaona kama glaida ipo na imekaa upande gani. Kupima umbali kwa kioo hicho ni kujidanganya.

Pale ambapo kioo kinalipa gharama yake ni kwenye breki za mabawa. Rubani wa glaida akisahau kuzifunga kwa komeo, mwendo ukiongezeka hewa huzifyonza zikachomoza juu ya mabawa. Mwenyewe huenda asijue. Aliye mbele anahisi injini inalia lakini ndege haipandi, anatupa jicho kiooni, anaona vibao vya breki vimesimama. Hapo anapunga usukani wa mkia kushoto na kulia: kagua breki zako. Kuyumbisha mabawa ni amri nyingine kabisa: jifungue sasa hivi. Wapo waliochanganya ishara hizi mbili, wakajifungua wakiwa chini huku breki ziko wazi, wakaishia ardhini kabla ya kupata pa kutua.

Kwenye nyanda zetu za juu jambo hili lina uzito zaidi. Mweiga, karibu na Nyeri, ambako glaida za Kenya zimeruka, iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Uwanja wetu wa ndege wa Kavumu unazidi mita 1,700. Kwenye vimo hivyo injini isiyo na turbo hupoteza kati ya sehemu ya sita na ya tano ya nguvu zake. Breki zikifunguka, ziada iliyobaki ya kupandia inaweza kuisha yote.

Lakini kuna hatari ambayo kioo hakiiwahi. Glaida nyepesi, iliyofungwa kwa ndoano ya tumboni badala ya puani, ikiinua pua ghafla, hupaa kama tiara. Kamba inanyanyua mkia wa ndege ya mbele, pua inaelekea chini, na ubao wa mkia hauna tena nguvu ya kuirudisha. Yote ni sekunde chache. Nchini Uingereza marubani waliigiza tukio hilo makusudi wakiwa juu sana, wakakuta kwamba mara nyingi ndege ya mbele imeshaelekeza pua chini kabla mkono haujafika kwenye mpini wa kuachia kamba. Aina fulani za ndoano hukaza zaidi zinapovutwa kwenda juu, hivyo hata mkono uliofika huenda usifaulu.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mabishano ya ukubwa wa kioo hayana tija kubwa. Tija iko kwenye ndoano ya puani, kamba ndefu, kiungo dhaifu kinachokatika mapema, na mpini ambao mkono unaufikia bila kupapasa. Kwa zile mita 100 za kwanza kutoka ardhini, macho yabaki mbele na kioo kipewe mtupo mfupi wa jicho, mara kwa mara.