Kibaya chajitembeza, nasi tunakicheza

Mwambie kijana wa Umoja au Kayole kwamba wimbo anaousikiliza ni mbaya. Huenda akakushukuru. Katika mazungumzo ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ngoma mbaya ni ngoma iliyoiva, inayowatoa watu vitini. Ukitaka kumweleza kwamba wimbo wake haufai, itakubidi utafute neno jingine au uongeze maelezo. Mimi pia nazipenda baadhi ya nyimbo hizo, na nyingine kati yake ni mbaya hata kwa maana ya zamani ya neno hilo. Swali langu wiki hii ni hili: tunaposema wimbo ni mbaya na bado tunaupenda, huwa tunasema nini hasa?

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili cha mazungumzo kimezoea kusifu kwa maneno ya hatari. Mtu wa Dar es Salaam atasema mwimbaji ni hatari au ni balaa. Wa Nairobi atasema ngoma ni kali au ni noma. Kielezi vibaya nacho kimehama kazi: mtu akisema amempenda mwenzake vibaya, hatuelewi kwamba mapenzi yana kasoro, tunaelewa kwamba yamezidi kiasi. Wanaisimu hueleza kwamba neno linaweza kupanda hadhi, likatoka kwenye maana ya kudharau likaingia kwenye maana ya kusifu. Neno mbaya limepanda, ila halikuihama nyumba yake ya kwanza. Limebaki na milango miwili.

Wahenga nao walijua kwamba roho haisubiri idhini ya akili. Walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Vilevile walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ya pili inaweza kusomwa kama maelezo ya nganya ya Buruburu nambari 58 inayopita barabarani ikiwa na spika za kutikisa vioo. Wimbo unajitembeza hadi mlangoni kwako, nawe unajikuta ukitikisa kichwa.

Shida ni kwamba neno hili moja tumelibebesha mizigo mitatu: ubaya wa lugha, ubaya wa ufundi na ubaya wa maadili. Tukizikemea nyimbo za vijana huichanganya yote. Tukizipenda, tunaona haya kwa yote mitatu bila kujua ni upi unaostahili haya.

Nitaanza na ubaya wa lugha, kwa sababu ndio unaotajwa zaidi na wapenzi wa Kiswahili. Malalamiko ni yaleyale: Sheng inaharibu lugha, na nyimbo hizi ndizo gari lake. Tuutazame basi wimbo uliolaumiwa kuliko nyingi, Wamlambez wa kundi la Sailors, uliotamba mwaka 2019. Tuliache tendo linalotajwa kwanza, tuliangalie umbo. Kuna wa-, kiambishi cha nafsi ya tatu wingi. Kuna -m-, kiambishi cha mtendwa. Kuna mzizi -lamb-, kisha -e ya hali ya matakwa. Sauti z ya mwisho haina kazi yoyote ya kisarufi. Ni pambo la Sheng, kama kofia iliyogeuzwa nyuma. Ukiivua, unabaki na wamlambe, kitenzi kilichopangwa sawasawa kama mwalimu wa darasa la sita anavyotaka. Anayedai kwamba vijana hawa hawana sarufi hajawasikiliza.

Wasomi waliliona hilo mapema. Mwaka 1997, Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliandika kuhusu Sheng na Engsh. Walionyesha kwamba Sheng ina mizizi yake Eastlands, katika mitaa ya wafanyakazi, ilhali Engsh, iliyojengwa juu ya Kiingereza, ilihusishwa na vijana wa mitaa ya wenye nafasi upande wa Westlands. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu Sheng, anaiona kuwa aina mojawapo ya Kiswahili cha Kenya.

Mgawanyo huo wa Eastlands na Westlands una jambo la kutufunza. Wimbo wa Kimarekani wenye matusi ya wazi ukichezwa katika duka kubwa la mjini, wateja wanaendelea kuchagua nyanya. Ukichezwa wimbo wa mtaani wenye fumbo la nusu ya ukali huo, mtu anamwita meneja. Ni kweli kwamba Kiingereza cha haraka hakieleweki na kila mtu. Lakini sehemu ya aibu tunayoionea nyimbo zetu inatokana na anwani yake. Tunaona haya kwa sababu inasikika kama sisi, kama makanga wetu, kama kijana wa ploti ya pili. Aibu ya aina hiyo haituambii lolote kuhusu wimbo.

Ubaya wa pili ni wa ufundi, na hapa sina nia ya kuwatetea vijana kwa kila jambo. Nyimbo nyingi za gengetone, mtindo uliolipuka baada ya kundi la Ethic la Umoja kutoa Lamba Lolo mwaka 2018, ni chapwa ukiziandika kwenye karatasi. Beti ni fupi, mawazo hayasongi mbele, na mdundo mara nyingi umefanana na wa wimbo uliotangulia. Mtunzi anashika silabi moja, anaigonga mwishoni mwa kila mstari hadi ubeti uishe, kisha anampisha mwenzake. Mtu aliyezoea kupima mizani atasema hakuna kazi hapa.

Ila tukumbuke kwamba kugonga silabi moja mwishoni mwa mistari ndiko kunakoitwa kina katika shairi la arudhi. Vijana hawa wameitupa mizani, kina wamekishika kwa mikono miwili. Isitoshe, nyimbo hizi hazikutungiwa karatasi. Nguvu yake iko kwenye wito na kiitikio. Mmoja anaita, umati unajibu. Ukimsikiliza mwimbaji peke yake kwa vidude vya masikioni, umesikia nusu ya wimbo. Nusu ya pili inakaa kwenye koo za watu: abiria wa siti ya nyuma, mashabiki uwanjani, wageni wa harusi baada ya wazee kwenda kulala. Ndiyo maana mtu anaweza kuudharau wimbo akiwa peke yake na kuupenda akiwa na watu. Hajajikana. Amekutana na wimbo ukiwa kamili.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Wamlambez ni utungo mzuri, nitajibu kwamba beti zake ni dhaifu na wito wake ni wa hali ya juu. Hukumu zote mbili zinasimama. Mhakiki asiyeweza kutoa hukumu mbili kwa wimbo mmoja ataishia ama kuwa shabiki ama kuwa askari.

Tena hukumu ya ufundi hubadilika kadiri miaka inavyosonga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kalamashaka wa Dandora walikuwa wameshaonyesha kwamba rapu ya Kiswahili inaweza kubeba uchungu wa mtaa. Zilipokuja nyimbo nyepesi za kuchezwa, wapenzi wa hip-hop walizibeza kwa jina kapuka, wakimaanisha kelele tupu. Upande wa pili, mtaani California, studio ya Calif Records ya Clemo iliwatoa Nonini na Jua Cali, nao wakaiita kazi yao genge. Nyimbo za Nonini zililaumiwa kwa uchafu karibu kwa maneno yaleyale yanayotumika leo. Sasa ni nyimbo za watu wazima wenye rehani na shinikizo la damu, wanaozicheza kwenye sherehe na kusema siku hizi hakuna muziki. Vijana wa arbantone nao wamezifukua ngoma za zama hizo na kujengea juu yake. Yapata miaka 20 imetosha kuusafisha wimbo bila neno hata moja kubadilishwa.

Nimesema wimbo umesafishwa, na hapo tumefika kwenye ubaya wa tatu, wa maadili. Huu ndio mzito.

Mswahili hajawahi kuyaogopa mambo ya chumbani katika ngoma zake. Nyimbo za unyago humfundisha mwari mambo ya mwili kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 akiwa ameheshimiwa duniani kote, alikuwa kungwi na mpigaji ngoma za unyago. Hakuna aliyemwita mchafu kwa sababu ngoma yake ilikuwa na ua: wanawake ndani, wanaume nje, watoto mbali. Pasipo na ua, kazi hiyo ilifanywa na fumbo. Mtunzi wa taarabu angeweza kuimba mbele ya mama mkwe kuhusu tunda au chombo baharini, na kila mtu akachukua maana inayolingana na umri wake. Katika miaka ya 1990, mashindano ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano yalipoileta mipasho mbele, lawama kubwa ya wakongwe ilikuwa hiyohiyo: fumbo limevuliwa nguo. Watu walilalamika, na kumbi zikajaa.

Kwa mtazamo huu, uamuzi wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya mwezi Juni mwaka 2019 ulikuwa na mantiki ya kale kuliko ilivyodhaniwa. Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wake, alitangaza kwamba Wamlambez na Tetema wa Rayvanny na Diamond Platnumz zisichezwe nje ya baa na vilabu. Wengi walicheka. Lakini ukiondoa ukali wa maneno, alichokuwa anaomba ni ua. Aliudai ua katika jiji lisilo na ua. Kuta za ploti ni nyembamba, nganya haichagui abiria, na mtoto wa miaka 6 ameketi kwenye mapaja ya mama yake karibu na spika. Hapo mzazi wa Kariobangi ana haki ya kukasirika, na hasira yake haihusiani na Sheng wala na vina.

Miezi mitano baadaye, Novemba 2019, Ethic walitoa Tarimbo. Neno lenyewe ni la kawaida: kamusi zinalijua kama mtaimbo, chuma kizito cha kuchimbia na kuvunjia mawe. Kwa kanuni za fumbo, chombo hicho kinaweza kusimama badala ya kitu kingine, na watunzi wa kale wangeelewa mara moja. Lakini fumbo hapa halikuficha starehe ya watu wawili. Wimbo ulishutumiwa kwa kushabikia ubakaji, watu wakapiga kelele mitandaoni, nao ukaondolewa YouTube.

Nyimbo hizi mbili za mwaka mmoja zinanipa kipimo. Katika Wamlambez kuna utani wa umati unaojibizana, wanaume kwa wanawake, na kila upande una sauti. Katika Tarimbo kuna mtenda na mtendwa, na mtendwa hana mdomo. Ukiangalia kisarufi utasema tofauti ni ndogo, maana zote mbili zina kitenzi na mtendwa wake. Kimaadili ni mbali kama Dandora na Lamu. Wimbo wa kwanza unaweza kuuonea haya mbele ya mama mkwe na kuucheka na marafiki. Wa pili hauna ua unaoweza kuufaa, hata katika baa iliyofungwa milango usiku wa manane.

Ndiyo maana nasisitiza tuitenganishe mizigo hii mitatu. Kijana wa Eastlands ameambiwa tangu shule ya msingi kwamba lugha anayoongea na mama yake ni takataka, kwamba wimbo anaoupenda ni takataka kwa sababu una lugha hiyo, na kwamba yeye mwenyewe yuko njiani kuwa takataka. Akishazoea kusikia kila kitu ni kichafu, neno kichafu linaisha makali. Siku tutakapomwonyesha wimbo unaomfundisha kwamba msichana akikataa anaweza kulazimishwa, atatusikia kama wanakijiji walivyomsikia mchunga mbuzi aliyezoea kupiga mayowe ya uongo.

Muyaka bin Haji wa Mombasa husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Abdulaziz aliyeandika kuhusu Sheng ndiye aliyeandika pia kitabu kuhusu Muyaka, mwaka 1979, na sidhani aliona kazi hizo mbili kuwa za dunia mbili tofauti. Sokoni kuna kelele, utani wa ngono, kejeli na kazi za ovyo. Tungo nyingi za sokoni husahaulika, kwani ngoma ikivuma sana hupasuka. Chache zinabaki, na walioishi zama zake si lazima wajue ni zipi.

Basi ukiupenda wimbo unaoujua kuwa mbaya, jiulize ni ubaya upi. Kama ni lugha, inua kichwa, kwa kuwa hiyo ni lugha yako. Kama ni ufundi, ucheze na usiusifu kupita kiasi. Hata wali mkavu huliwa penye njaa. Kama ni mambo ya chumbani, angalia nani yuko karibu, upunguze sauti. Lakini kama wimbo unakufurahisha kwa sababu kuna mtu ndani yake anayeumizwa na hawezi kusema, hapo usitafute jina la Sheng la kuupamba. Huo ni mbaya kwa Kiswahili sanifu.