Kidole cha Mwenda na ordinatere

Hapa Katanga vijana wengi wanajifunza kutengeneza muziki na ordinatere, kwa programu kama FL Studio. Sisi hatukatae: mwenye hana pesa ya kulipa orkestra anapata humo ngoma na besi. Lakini kijana anagonga mdundo wake, kisha anaacha mashine inyooshe kila pigo kwenye mistari. Hapo njo wimbo unapoa. Mwenda Jean-Bosco, mwenye Hugh Tracey alirekodi "Masanga" yake mu 1952, alipiga gita kwa gumba na kidole cha shahada. Utamu wake unakaa katikati ya mistari. Likembe pia haifuate zile sauti 12 za kinanda. Vijana wetu, musikilize wazee kwanza. Kisha muzime ule unyooshaji, mupige na mkono, na likembe muipange sauti moja moja.